Adapta ya Kompyuta ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipoolewa na kuhamia Njiru, alibeba kila kilichokuwa chake isipokuwa kompyuta. Hata wakati huo, miaka ya tisini, ilikuwa ya kizamani: kibodi nene tu unayoiunganisha na televisheni, na mchezo unaingia kwa kaseti huku ikipiga kelele za kukera. Alipewa na mwajiri wake aliyekuwa akihama nchi. Katika ekstensheni yetu ya Buruburu, chumba cha kupanga kilichoongezwa nyuma ya nyumba ya watu, jioni zote ziliishia hapo. Tuligawana kibodi, yeye akielekeza ndege, mimi nikipiga risasi. Tukifa, lawama zilikuwa zangu.

Muda si mrefu baada ya yeye kuondoka, stima ilipotea, na iliporudi ilirudi na nguvu za ajabu. Adapta ya kompyuta ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikawa basi. Ningeiacha hivyo, maana peke yangu sikuwa na hamu ya kucheza. Lakini mdogo wangu alituma salamu kwamba angekuja Jumapili, nami nikajiambia kwamba akiikuta inawaka, atakaa. Tutacheza hadi giza liingie, halafu alale kitandani kwake. Upweke ulikuwa umenishika vibaya. Nilikuwa nimeanza kuongea na sufuria.

Adapta kama ile haikupatikana popote. Nikanunua ya redio, ile nzito, volti tisa kama ilivyoandikwa chini ya kompyuta. Bahati nzuri mimi ni mtu wa kushuku. Nililinganisha michoro midogo iliyochapwa kwenye adapta na chini ya kompyuta nikaona adapta imeweka chanya katikati ya plagi, na kompyuta inataka hasi. Ningechomeka tu, ningeiua. Nikakata waya kwa kisu cha jikoni, nikabadilisha zile nyuzi mbili, nikazifunga kwa tepu nyeusi, kila uzi peke yake. Jirani alichungulia akasema nitajichoma, nikamwambia aniache nichomeke kwa amani. Nilipowasha, skrini ikawa nyeusi, halafu nyeupe, na maandishi madogo yakatokea chini. Nilijipigia makofi.

Jumapili mdogo wangu alibisha hodi, jambo lililonichekesha, akaingia na mkate na sukari. Niliwasha kompyuta hata kabla chai haijachemka. Akacheka, akaiona ile tepu nyeusi kwenye waya, akauliza nani kanitengenezea. Tulicheza mara moja. Alielekeza vizuri, lakini macho yake yalikuwa dirishani, na tulipokufa hakunilaumu. Akasema mumewe atakuwa anamngoja.

Nikamwambia kitanda chake kimetandikwa. Akanishika mkono, akasema labda siku nyingine, akachukua mkoba wake. Alipofika mlangoni akasimama. Nilidhani amebadili nia, na nilifurahi kama mjinga.

"Dada, hunisindikizi?"

Miaka yote tuliyokaa mle alitoka na kuingia apendavyo. Waliosindikizwa walikuwa wageni, na tuliwasindikiza pamoja, mimi na yeye. Nikazima kompyuta, nikavaa sweta, nikamfikisha stejini kwenye matatu.