Hodi ya Tatu

Kila alipokuja, kabla sijamwona Jayu, nilikuwa nimekwisha kuusikia mlango wetu ukiguna. Nyumba yetu ya Kariakoo, ya udongo na bati, ilikuwa na mlango wa mbele uliolegea bawaba. Asiyeujua aliuburuza chini kwa kelele. Anayeujua aliuinua kidogo kwa mikono miwili, nao ukaguna mara moja tu, kama mtu anayegeuka usingizini. Ukiacha watu wa nyumbani, aliyeujua ni Jayu peke yake. Kisha ilifuata sauti yake ukumbini, nyembamba, yenye adabu iliyopitiliza: "Hodi!" Mimi ndiye niliyemfundisha. Hodi ni tatu, nilimwambia. Ukimaliza ya tatu hujajibiwa, unageuka unakwenda zako, hata kama unawasikia watu wanapumua ndani.

"Karibu, mwanangu," mama alikuwa akimwitikia. "Unapiga hodi kama karani wa kodi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo utakula samaki wetu?"

"Leo pia hapana, mama."

Mama alicheka kila mara, akampakulia muhogo wa nazi. Kwao Jayu, Wahindu wenye duka la kanga Mtaa wa Msimbazi, samaki hakuvuka kizingiti. Tulikuwa na miaka kumi na mmoja. Shule yake haikuwa yangu, kama serikali ya siku zile ilivyotaka, kwa hiyo urafiki wetu ulikaa miguuni. Tulitembea hadi Feri, tukatembea hadi Posta na kuzunguka mji wote, na kila tuliporudi tulitamani njia ndefu zaidi. Mwisho tukaapa kwenda Pugu kwa miguu, kwenye vilima ambako watu walisema ukisimama juu unauona mji mzima, na bahari nyuma yake.

Tulianza alfajiri, tukaifuata reli. Jayu alibeba mikate myembamba ya majani ya uwatu, mimi chupa ya maji. Mataruma, magogo yanayobeba reli, yalikuwa na umande na harufu ya lami, na hatua zetu ziliyatosha sawasawa, taruma kwa taruma. Yeye alihesabu kwa Kigujarati, mimi kwa Kiswahili, tukigombana nani ameruka. Muuza mkaa mmoja akapita kando na baiskeli yake, akapiga kelele, "Wee Mhindi, duka umemwachia nani?"

"Nimemwachia mteja!" Jayu akamjibu, na yule bwana alicheka hadi magunia yakataka kumwangusha.

Jua lilipokuwa utosini tuliviona vilima, vya buluu, karibu kabisa. Hapo Jayu akakaa juu ya reli.

"Saidi, turudi. Lazima niwe nyumbani kabla ya saa kumi."

"Kwa nini?"

Alitazama viatu vyake. "Nilitaka kukwambia tukifika juu. Sasa nitakwambia njiani."

"Huna la kuniambia. Umechoka tu. Miguu ya dukani hiyo!"

Nikageuka, nikaanza kurudi. Nilitembea mbele, haraka, njia nzima, nisimpe nafasi ya kunifikia. Nilisikia viatu vyake kwenye kokoto nyuma yangu, vikikimbia kidogo, vikichoka, vikikimbia tena. Mara mbili aliita jina langu. Tulipofika Msimbazi akasema, "Nitakuja kwenu." Nikasema, "Usije."

Wiki ile ile nilipita dukani kwao, nikijifanya nimetumwa. Baba yake alikuwa peke yake, anakunja kanga. "Hakukuambia?" aliniuliza. "Meli imeondoka jana. Amekwenda India na mama yake, atasoma huko, hatarudi. Mimi nilitaka kukuita, akasema aachiwe aagane na wewe mwenyewe, mlimani."

Nimefika Pugu baadaye, mtu mzima, kwa basi, kwa muda usiotosha kumaliza mazungumzo. Nilisimama juu. Mji unaonekana, na bahari inaonekana. Nyumba yetu sasa ni ya matofali, na mlango wake mpya unafunguka kwa kidole, haumtambui mtu yeyote. Naandika riwaya, nawapa watu wa kubuni maneno ya kuagana, mazuri, marefu, na hakuna hata moja linalofika pale ukumbini, siku ya tatu baada ya safari yetu.

Maana Jayu alikuja. Mama alikuwa sokoni. Nilikuwa chumbani, nimejilaza kitandani, nikausikia mlango ukiguna. "Hodi!" Nikauma shuka. "Hodi, Saidi!" Nikajisemea, apige nne, apige tano, ndipo nitajua kweli anajuta. Ya tatu aliisema taratibu, karibu sana na pazia la chumba, na nadhani alinisikia nikipumua. Nikangoja ya nne. Nikasikia viatu vyake vikigeuka, kisha mikono miwili ikiuinua mlango wetu, kwa uangalifu, usikwaruze, nao ukafungika.