Sweta ya Yahya na Mtihani Wangu

Juzi binti yangu aliweka pasi moto juu ya skafu ya nailoni. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mchele, na ile harufu ilipopanda nilijikuta nimeshika kichwa kwa mikono miwili. Si kwa ajili ya skafu. Skafu ni kitu gani? Ni kwamba sebuleni nilikuwa nimefukiza ubani, na nailoni inayoungua ikichanganyika na ubani hunirudisha Galbet, mtaa wetu wa Garissa, mwaka ule niliokuwa darasa la nane. Moyo ulinidunda kana kwamba kesho yake nina karatasi ya Hisabati.

Ilikuwa miaka ya tisini. Baba, ambaye sisi tulimwita Aabo, alikuwa dereva wa lori la kupeleka maji vijijini, na wiki nzima ingeweza kupita bila kumwona. Zikiwa zimebaki wiki tano tu kabla ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, Hooyo, mama yangu, akajifungua mtoto wa kiume, Yahya.

Kwetu Wasomali mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini. Hapiki, hafui, hagusi maji baridi, hatoki nje. Analala, anakula nyama na samli, ananyonyesha, na chumba chake kinafukizwa asubuhi na jioni. Ni heshima kubwa, wala mimi siidharau. Ila kazi zake hazilali naye. Lazima zimwangukie mtu, na kwetu mtu huyo alikuwa mimi, Habiba, kifungua mimba, mwenye miaka kumi na minne na wadogo watatu wa kiume ambao kazi yao ilikuwa kula.

Kumwangalia mzazi alikuja Ayeyo, bibi yangu, mama yake Hooyo. Alifika kutoka Tarbaj na kibuyu cha samli na sauti iliyozoea kuita ngamia. Ayeyo alijua kila kitu kuhusu mzazi na mtoto mchanga, na hakujua chochote kuhusu darasa la nane. Kwake yeye, mtu aliyeketi na kitabu alikuwa mtu aliyeketi tu.

"Habiba, umekaa?" angeuliza.

"Nasoma, Ayeyo."

"Basi kama umekaa, lete maji."

Nikaleta, nikarudi kitabuni. Aabo alikuwa ameshasema neno lake kabla ya kuondoka: nikiitwa shule ya bweni nitaenda, nisipoitwa basi, shule imeishia hapo, nibaki nyumbani nimsaidie mama. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema huku anakagua tairi. Lakini mimi nililibeba hilo neno kila mahali, mpaka chooni.

Sasa tuje kwenye sweta. Shuleni mwalimu wetu wa Sayansi Kimu, Mwalimu Mutheu, Mkamba mpole aliyeteswa sana na joto letu, alikuwa ametufundisha kufuma kwa sindano mbili. Siku moja Ayeyo akanikuta ninafuma kile kipande cha shule. Akakishika, akakivuta huku na huku, akakinusa. Kufikia jioni nusu ya Galbet ilikuwa imeshaambiwa kwamba siku ya arobaini, mtoto atakapotolewa nje kwa mara ya kwanza mbele ya wageni, atavaa sweta nyeupe na kofia yake, vyote kazi ya mkono wa dada yake. Sweta, jamani! Garissa, mwezi wa Novemba, ambapo hata mbuzi hutafuta kivuli cha nguzo ya simu. Lakini Ayeyo akishatangaza, ameshatangaza.

Nikajiambia nitafanya yote mawili. Kitabu niliweka mapajani nikakibana kwa goti, sindano mikononi, na mdomoni nikakariri mito ya Afrika. Wallahi nilidhani nimepata akili. Mto Niger unaanzia wapi, unamwaga maji wapi, vuta uzi, geuza. Nilipofika Zambezi nikapima mikono ya sweta, nikakuta mmoja unamfikia Yahya kwenye kifundo na mwingine unampita mpaka magotini. Nikafumua. Nikiwa nafumua, maziwa yakafurika jikoni yakazima moto. Nikakimbilia maziwa, nikaacha daftari la Jiografia mlangoni, na mbuzi wetu mwenye pembe moja akala kurasa zote za Bonde la Ufa. Nilimvuta sikio nikilia, naye akawa ananitazama tu huku anatafuna.

Siku zilikwenda hivyohivyo. Anjera, zile chapati zetu za maji, nikaziunguza, wadogo zangu wakazila huku wananicheka. Nguo za mtoto nikazisahau kwenye kamba, upepo ukazipeleka kwa jirani. Kila nilichoshika kikaharibika, na kila nilichosoma kikatoka. Na muda wote huo Hooyo alikuwa pale nyuma ya pazia, hatua nne kutoka nilipokuwa nikihangaika, amelala kwenye godoro lake na supu yake. Sikumsikia akisema lolote. Nitasema kweli: nilimkasirikia. Nilijiuliza, huyu hasikii?

Ikafika siku moja kabla ya mtihani, ambayo kwa Yahya ilikuwa siku ya thelathini na tano. Baada ya Alasiri nikafunga uzi wa mwisho. Mikono ililingana, nakuapia. Shingo ilikuwa imepinda kidogo, lakini mtoto mchanga ana shingo gani? Ayeyo akaichukua, akaipeleka kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza tangu afike akanisifu.

"Mkono wako umekomaa," alisema. "Ifukize, kisha uikunje."

Hakuna nguo mpya inayovaliwa kwetu bila kufukizwa. Unaweka makaa kwenye chetezo, unatia ubani, unakifunika kwa kikapu kikubwa, kisha unatandaza nguo juu yake inywe moshi. Nilikuwa nimefanya hivyo tangu nina miaka sita, kwa shuka, kwa madera, kwa kanzu za Aabo. Nikatia makaa, nikazidisha kidogo ili harufu ikolee. Nikatandaza sweta na kofia. Nikaketi kando na kitabu cha Hisabati, nikisema moyoni, alhamdulillahi, sasa nina jioni nzima ya kusoma.

Uzi ule wa dukani, uliokuwa laini kama sufu, haukuwa sufu hata chembe; ulikuwa nailoni tupu. Nilikuwa katikati ya hesabu ya tangi lenye mabomba mawili niliposikia harufu. Nikainua macho. Sweta ilikuwa imezama ndani ya kikapu, inachuruzika, na tumbo lake limekuwa tundu jeusi linalotoa moshi. Nilipoishika ikanata vidoleni ikaniunguza. Kofia ilikuwa imekuwa kitu kigumu kama ukoko wa wali.

Sikupiga kelele. Nilikaa pale nimeishika. Ayeyo ndiye aliyepiga kelele, na akiisha kunitaja mimi akawataja walimu, kitabu, na aliyekivumbua.

"Wageni nimeshawaalika! Siku tano tu! Kesho hutoki. Utakaa hapa ufume nyingine."

"Ayeyo, kesho ni mtihani."

"Huo mtihani hauna mwaka mwingine? Arobaini ya mtoto haina mwaka mwingine!"

Nikatazama pazia. Nilingoja Hooyo aseme neno, hata moja. Pazia halikutikisika. Aabo alikuwa Wajir na lori lake. Nilijilaza mkekani na vidole vinavyowaka, nikajua kwamba yamekwisha, na kwamba hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia.

Alfajiri niliamka kuwasha moto kama kawaida. Moto ulikuwa umeshawashwa. Hooyo alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, shuka limefungwa kiunoni, mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine unazungusha unga wa anjera kwenye chuma. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Siku ya thelathini na sita! Nilimgeukia Ayeyo, nikingoja mbingu ianguke. Ayeyo alikuwa ameketi kwenye kigoda na Yahya mapajani, anatazama chini.

"Kula," Hooyo aliniambia. "Kisha nenda. Hapa huna kazi tena."

Sauti yake ilikuwa kavu. Mimi mtoto nikaielewa nilivyoielewa: nimefukuzwa. Nimeharibu kila kitu mpaka mzazi ameinuka kitandani kunipokonya jiko. Nilikwenda shule nikilia njia nzima, nikafanya Hisabati na kamasi, na lile tangi la mabomba mawili likaja kama lilivyo, nisilione vizuri kwa machozi. Siku ya tatu, kwenye Sayansi Kimu, tuliulizwa ni kitambaa kipi huyeyuka kikikaribia moto. Sikungoja kumaliza kusoma swali.

Siku ya arobaini Yahya alitolewa nje na kitambaa cheupe cha dukani, wala hakuna mgeni aliyeuliza sweta. Hooyo hakuweza kusimama kuwapokea. Mgongo ulikuwa umemshika, na homa juu yake, na wanawake wakanong'ona kwamba ndiyo malipo ya kuvunja arobaini. Alikaa hivyo mpaka karibu na mwaka mpya. Niliitwa shule ya bweni, si ile niliyoitaka, lakini niliitwa. Niliondoka nikiamini kwamba nyumbani wamepumua.

Miaka mingi baadaye nilijifungua mimi, na Hooyo akaja kuniangalia. Siku ya kumi nilijaribu kusimama tu, kufikia glasi ya maji, nikashika ukuta, nikarudi chini. Ndipo nilipoikumbuka ile asubuhi, mkono wake ukutani. Nilianza kulia. Nikamuuliza kwa nini aliinuka, na kwa nini Ayeyo, ambaye Mungu amrehemu, siku ile alinyamaza.

Hooyo alikuwa anakunja nguo za mtoto.

"Mimi nilikuwa darasa la nne," alisema. "Nilikuwa wa kwanza darasani, hilo hujui. Ayeyo wako akajifungua mjomba wako mdogo, akatuma mtu shuleni kunichukua nije nimsaidie. Aliniambia ni siku arobaini tu. Zilipokwisha, sikurudi darasani tena."