Bata wa Fundi wa Pancha

Fundi wa pancha wa kwenye mteremko wa Naguru, Kampala, ana vidole vyeusi kwa gundi. Zamani alifagia misumari barabarani kila asubuhi, ingawa misumari ndiyo ingemletea wateja. "Pancha ije yenyewe," alikuwa akisema. Siku hizi huimwaga yeye mwenyewe. Yalianza siku Ojera, dereva wa bodaboda, alipomkanyaga bata wa fundi, yule aliyezoea kuogelea katika karai la maji la kupimia tyubu zinazovuja. Bata akafa, Ojera akacheka: "Mzee, si ni bata tu?" Tangu hapo fundi hukunja misumari kwa koleo, bila haraka, akiipuliza kama anayepoza chai, kisha huitawanya barabarani kumngoja Ojera. Misumari hunasa wengine wote isipokuwa yeye. Hao huwazibia bure na kuwapa pole kwa sauti ya msibani, maana, anasema, wasio na hatia wasilipe.

Jana nilishindwa kunyamaza. Nilimwambia kwamba jirani yetu Lamwaka, mjamzito, alikuwa akikimbizwa hospitali, boda ikatobolewa na misumari yake, akamalizia kilima kwa miguu akijishika kiuno. "Apewe pole sana," alisema, na koleo likaendelea. Nikamwambia kisasi chake kimekwisha: Ojera ameuza pikipiki, sasa anatembea kwa miguu. Koleo likasimama. Alilitazama karai, ambalo bado hulibadilishia maji kila asubuhi, nami nikaamini nimemwokoa.

"Anavaa buti," akaniuliza kwa upole, "au kandambili?"