Kura Tatu za Zedekiah

Katika karakana ya reli hapakuwa na boila iliyomshinda Nahashon. Alikuwa fundi pale kwa miaka kumi na tisa, na Makongeni alikokaa hakuna aliyewahi kumsikia akigombana na mtu. Tatizo lake lilikuwa moja tu, nalo lilikaa mlango wa pili: Zedekiah, karani wa ofisini.

Zedekiah aliponunua redio, Nahashon alisema redio huharibu masikio. Zedekiah alipopaka mlango wake rangi, akasema rangi inanuka. Basi fikiria ilivyokuwa mwaka wa 1956, Waafrika walipoambiwa wajiandikishe ili wachague wajumbe wao kwa mara ya kwanza. Kura hazikugawanywa sawa. Serikali ilipima watu: huyu ana masomo, huyu ana mshahara wa kutosha, huyu ametumika miaka mingi. Sifa zikizidi, kura nazo zinazidi, mwisho tatu. Nahashon alirudi na moja. Zedekiah alirudi na tatu.

Jioni hiyo walikutana bombani.

"Bwana Nahashon, habari ya moja?"

"Moja gani?"

"Kura, ndugu yangu! Usijali. Hata kuku mwenye mguu mmoja hufika jaani."

Wanawake wakacheka. Nahashon aliacha ndoo ikajaa mpaka maji yakamwagikia viatu vyake.

"Mimi siendi kupiga kura," akamwambia mkewe, Kezia. "Huyu achague mara tatu, mimi mara moja? Ni kuitwa kwenye nyama ukaambiwa unuse mvuke."

Kezia alikuwa akichambua mboga. "Ukibaki nyumbani, Baba Walter, yeye ana tatu na wewe huna kitu."

Hesabu hiyo ilimchoma. Kesho yake alimfuata Aloo, mchochea makaa, ambaye hakuwa amejiandikisha kwa sababu alisema siasa ni za makarani.

"Zedekiah ana tatu," Nahashon akamwambia.

"Wacha!"

"Haki ya Mungu."

"Basi twende, hata sasa hivi."

Kutoka hapo akaenda Muthurwa kwa Twalib, seremala wa mabehewa. Huyo alikuwa mgumu. "Niache chapati zangu zipoe nikapange foleni ya serikali?" Nahashon akamsimulia ile ya kuku. Twalib akanawa mikono, akachukua kofia yake.

Aloo akapewa moja, Twalib moja. Nahashon alirudi nyumbani akipiga mluzi. "Tatu kwa tatu, Mama Walter. Tumemfikia."

"Na mimi je?"

Nahashon akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali na kiti. Kezia alifungua sanduku la nguo, akatoa cheti chake cha misheni: darasa la nane. Nahashon mwenyewe aliishia la nne. Kitu kilimkwaruza moyoni, lakini akakimeza. Kezia naye akaenda kujiandikisha, akapewa moja, na kura nne huzishinda tatu.

Siku ya kura ilipofika, mwezi wa Machi mwaka uliofuata, walipanga foleni wote wanne. Mbele yao alisimama Zedekiah, tai shingoni, akipunga vidole vitatu kama mtu anayefukuza nzi. Nahashon akainamia wenzake, akanong'ona, "Mwajua huyu anampigia nani. Sisi tumpigie yule mwingine."

Twalib akageuka. "Nahashon, uliniita nije, nimekuja. Nani amekwambia nikuulize nichague nani?"

"Si tulielewana?"

"Tulielewana kuja."

"Mimi yule wa Zedekiah nampenda," akasema Aloo bila haya. "Alizungumza vizuri habari ya mishahara."

Nahashon akahisi jua limemshukia yeye peke yake. Taabu yote ile ya kubisha milango ya watu! Alitaka kutoka kwenye foleni. Akaona Zedekiah anakabidhiwa karatasi tatu, akabaki. Jina lake lilipoitwa, aliingia, akaweka alama yake taratibu kama anayekaza skrubu, akaikunja karatasi na kuisukuma ndani ya sanduku kwa kidole mpaka akaisikia imeanguka.

Njiani kurudi, Kezia alitangulia akitabasamu peke yake.

"Mama Walter, ulimchagua nani?"

"Kura ni siri."

"Hata kwangu mimi?"

"Hata kwako."

Alimwuliza tena walipofika dukani, na tena mlangoni, asipate neno. Zedekiah aliwasalimu kutoka kibarazani pake na Nahashon hata hakumsikia. Alikuwa akilionea wivu sanduku la kura.