Spika ya Nje

"Ya ndani iache, kaka. Naomba uzime hii ya nje tu. Mume wangu anaumwa, hajapata usingizi tangu juzi."

"Mama, zote ziko kwenye waya mmoja. Nikikata ya nje, na ya ndani inanyamaza. Halafu hapa hakuna msiba. Kukiwa na msiba nazima mwenyewe, siambiwi."

Aliyemjibu hivyo mama jirani ni mwenye banda la video hapa Majengo, mimi nikiuza karanga mlangoni, kazi yangu tangu nilipoacha shule. Umeme ulikuwa hafifu, kwa hiyo alikuwa amezima taa zote ili televisheni na spika zipate nguvu. Gizani watu wakapiga miluzi: "Mama, unaziba!" Yule mama akaondoka.

Mtaani kwetu tunamzimia redio marehemu. Mgonjwa tunampigia kelele, kisha tunakwenda kumlilia kwa adabu.

Mwenye banda akachukua tochi na koleo, akaanza kutenganisha nyaya. Spika ya nje ilipokatika, mama yule alikuwa amerudi, khanga kaifunga kiunoni.

"Iwashe tu, kaka," alisema pale mlangoni. "Hasikii tena."