Sura ya Mwanamke Kwenye Jalada

Siku yangu ya kwanza kazini, katika gazeti dogo la kila wiki mjini Migori, nilitumwa Awendo. Lori la miwa lilikuwa limepinduka na kumvunja mguu mwendesha bodaboda. Nilirudi mchana, nikaandika kwamba dereva mzembe alishindwa kulidhibiti gari. Mhariri Mkuu, mzee mfupi aliyezoea kusoma akiwa amesimama, akaniita.

"Nani amekuambia dereva ni mzembe?"

"Polisi wa trafiki, Bwana Mhariri."

"Na dereva mwenyewe anasema nini?"

"Amelazwa hospitalini."

"Hospitali iko na mlango. Enda umuulize."

Nilienda. Dereva, bandeji imezunguka kichwa, alinieleza kwamba alikuwa amelalamikia breki karakanani akaambiwa amalize msimu kwanza. Fundi wa karakana alikubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Habari iliyochapishwa ilikuwa na maneno ya polisi, ya dereva, ya fundi na ya yule wa bodaboda. Neno mzembe halikuwemo. Mhariri Mkuu hakunisifu. Aliniambia tu kwamba mtu unayemwandika huwa hayupo mezani unapomwandika, na kila anayetaka kumsingizia huwa yupo.

Vijana mnaoingia kazi hii leo mnafundishwa upendeleo kama somo la darasani. Sisi tulifundishwa neno kwa neno. Mhariri Mkuu aliichukua rasimu, yaani andiko kabla halijasafishwa, akatafuta vitenzi. Kama ofisa wa serikali "alieleza" na mkata miwa "alidai", aliuliza kwa nini mmoja aaminiwe na mwingine atiliwe shaka. Kama mwanamume aliandikwa kwa cheo na mwanamke kwa jina la mumewe, aliirudisha karatasi. Aliangalia picha kwa ukali kuliko maneno. Alisema msomaji husahau maandishi lakini sura huibeba hadi nyumbani.

Gazeti lile lilikufa, kama yalivyokufa mengi ya aina yake. Nikaajiriwa Homa Bay na shirika moja la afya, idara ya machapisho. Huko kulikuwa na kompyuta mpya, gari la ofisi na Mkuu wa Machapisho aliyevaa tai hata wakati wa joto la ziwani. Kazi yangu kubwa ya kwanza ilikuwa kijitabu cha kugawiwa shuleni na zahanati, kuhusu ugonjwa wa zinaa ulioua watu wengi katika fuo zetu.

Nilikaa ufuo wa Sindo kwa majuma kadhaa. Nilizungumza na wanawake wachuuzi, wavuvi na wenye mashua. Jambo lenyewe lilijulikana na kila mtu: samaki walipopungua, baadhi ya wenye mashua walikataa kumuuzia mwanamke mpaka alale nao. Mwenye mashua mmoja, mjumbe wa kamati ya ufuo, aliniambia bila kuinamisha macho, "Samaki ni wachache, wanawake ni wengi. Mimi ndiye nachagua."

Niliyaandika maneno hayo kama alivyoyasema.

Mwanamke aliyenisaidia zaidi alikuwa mchuuzi wa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Nitamwita Nyar Rusinga, binti wa Rusinga, kwa kuwa wanawake wengi walioolewa kutoka kisiwa kile huitwa hivyo na jamaa za waume zao. Mumewe alikuwa seremala. Yeye alikuwa amekataa masharti ya wenye mashua waziwazi, mbele ya watu. Alikwenda mbali kununua mzigo kwa wavuvi waliokubali pesa tu, akarudi amechelewa na amechoka, na wengine wakamcheka. Nilimpiga picha amesimama kando ya mkeka wake wa omena, anatabasamu. Nilimwambia picha ni ya ukurasa wa biashara. Akakubali.

Prufu, zile kurasa za majaribio zinazotangulia uchapishaji, ziliporudi, maneno ya mwenye mashua hayakuwemo. Nilikwenda kwa Mkuu wa Machapisho.

"Madam, yule mtu ni wa kamati," alisema. "Tukimkasirisha, hatutaingia ufuoni tena."

"Basi wanawake wanabaki peke yao ndani ya kitabu. Inaonekana wao ndio walioleta ugonjwa."

"Hakuna mahali tumesema hivyo."

"Ukimtoa anayedai na kumwacha anayedaiwa, umeshasema."

Alinitazama kama mtu anayetazama saa. "Nitaangalia," akasema.

Hakuangalia. Kijitabu kilitoka kwa jina la Hatari ya Ufuoni, na kwenye jalada, kubwa kuliko maandishi yote, ilikuwa sura ya Nyar Rusinga anatabasamu. Ile picha ya biashara. Sikuwa nimeoneshwa jalada. Ndani kulikuwa na aya kuhusu "wanawake wanaobadilisha miili yao kwa samaki". Aliyekataa ndiye aliyewekwa mbele.

Alikuja ofisini mwenyewe, kijitabu kimekunjwa ndani ya leso. Mtoto wake alikuwa amepewa shuleni.

"Dada, si uliniambia ni ya biashara?"

Nilimweleza yaliyotokea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama mkwe amewaonesha wageni picha hii," akasema. "Mzee wa nyumba hasemi na mimi. Kanisani wameniambia nipumzike kwaya kidogo. Sasa wewe sema nao, maanake wewe ndiye unajua."

Nilimpeleka kwa Mkuu wa Machapisho. Alimkaribisha kiti, akamwita mama, akasema picha ya jalada ni pambo tu na hakuna msomaji mwenye akili atakayefikiri ni yeye anayezungumziwa. Nyar Rusinga aliuliza kama pambo hilo lingeweza kuwa picha ya mke wake. Mkuu akaniambia nimsindikize mgeni.

Niliomba sahihisho. Katika kazi yetu, sahihisho ni tamko la wazi kwamba tulikosea, linalochapishwa mahali wasomaji walewale watakapoliona. Mkurugenzi wa shirika alipokuja kutoka Nairobi nilimfuata chumba cha mikutano. Alinisikiliza kwa adabu.

"Vitabu vimeshasambazwa," alisema. "Tukianza kusahihisha hiki, wafadhili watauliza kuhusu vyote."

"Na yule mama?"

"Tunasikitika sana."

Basi nilikwenda Sindo peke yangu, nikasimama mbele ya wazee wa kanisa lake nikaeleza kila kitu: nani alipiga picha, kwa nini, na kwamba huyu ndiye aliyewakatalia wenye mashua. Mzee wa kanisa alikuwa mtu mpole. Alikigeuzageuza kijitabu mkononi.

"Madam, hatusemi unadanganya," alisema. "Lakini hiki kimechapishwa, kina muhuri wa shirika. Wewe umekuja na mdomo."

Mumewe alikuwa ameketi nyuma. Aliondoka kabla ya maombi ya kufunga. Mwaka haukuisha kabla Nyar Rusinga hajarudi Rusinga na watoto, kwenye boma la kaka yake.

Mimi nilihamishiwa tawi la Migori, kuandika kumbukumbu za mikutano. Hapo ndipo nilipomalizia utumishi wangu. Mkuu wa Machapisho alipanda cheo, na kijitabu kikachapishwa upya mara nyingi kwa jalada lilelile, kwa sababu, kama waraka mmoja ulivyosema, picha ile inavutia macho.

Nilipostaafu walinifanyia hafla katika hoteli moja Homa Bay. Yule Mkuu wa Machapisho, sasa Mkurugenzi, alitoa hotuba. Alikitaja kijitabu kile kama kazi yangu bora. Nilipopewa nafasi ya kushukuru nilisimama nikasema kwamba mwanamke aliye kwenye jalada hakuwahi kufanya tulichomsingizia, na kwamba Mkurugenzi alijua. Watu walitazama sahani zao. Mwendesha hafla alichukua kipaza sauti akatangaza kwamba chakula kiko tayari.

Nilipoanza kuandika kumbukumbu hizi nilivuka kwenda Rusinga kumwomba ruhusa. Nilijua nitakavyofanya: ningemsomea kila ukurasa, ningemwacha afute anachotaka, ningewauliza hata jamaa za mumewe upande wao. Nilimkuta anapalilia mahindi. Nywele zimekuwa nyeupe. Alinipa kiti, hakunipa chai.

Nilipomaliza kueleza alifuta jembe kwa nyasi.

"Andika mambo ya ofisi yenu," akasema. "Jina langu na sura yangu niachie."

"Nimekubali. Ila nataka watu wajue ukweli."

"Kile kitabu chao bado kinatoka?"

"Bado."

"Na watoto wa shule bado wanapewa?"

"Wanapewa."

Alikichukua kikapu chake cha magugu. "Na hiki chako, watapewa nani?"

Akaingia katikati ya mahindi, akaendelea kupalilia. Hakuinua kichwa tena.