Gari Jembamba la Sikukuu

Huku Kirua Vunjo si lazima ufiwe ndipo uitwe yatima. Ikifika Krismasi na hakuna aliyepanda mlima kuja kwenu, unatosha. Desemba watu wote walioko Dar, Arusha na kwingineko hurudi. Njia zetu za udongo hujaa magari yanayonasa kwenye matope, na wenye magari wanasukumwa na binamu zao huku wakilalamikia viatu. Nyumba ambayo hakuna aliyerudi inajulikana kabla jogoo hajawika.

Siku mbili kabla ya sikukuu, mama mwenyekiti wa jumuiya yetu huzunguka na daftari. Haulizi mengi. Anaingia uani, anaangalia kama kuna alama za matairi, kama kuna nguo ngeni kwenye kamba, kama kuna mtu anacheka kwa sauti ya mjini. Asipoona, anaandika. Walioandikwa hupewa zawadi mbele ya kanisa baada ya misa. Nyingi ni mitumba ya mjini Moshi iliyofuliwa na kufungwa kwenye magazeti, pamoja na daftari, sabuni na sukari kidogo. Hawasomwi kwa majina, ati wasione aibu. Wanasomwa kwa nyumba: kwa fundi baiskeli, watoto wawili, kwa mjane wa kisimani, watoto wanne. Kana kwamba kuna mtu asiyewajua watoto wa kisimani.

Msomaji nilikuwa mimi. Nilipokuwa kidato cha kwanza katekista alipoteza sauti kwa mafua, wakaniita mimi kwa sababu sauti yangu haijawahi kupotea, hata walimu wameiombea ipotee. Nikaongeza vionjo. Mtoto akipewa koti kubwa nilisema, "Hilo utalivaa wewe na mbuzi wenu." Msichana mmoja wa darasani kwetu alipopita mbele kuchukua zawadi mwaka wa pili mfululizo, nikamkaribisha kama mteja wa kudumu. Watu walicheka hadi padre akajifanya anakohoa. Yule msichana hajanisalimia tena, nami nilisema kimoyomoyo kwamba hana utani.

Mwaka uliofuata baba hakuja.

Mama alifariki nikiwa mdogo, nikabaki na bibi, mama yake baba. Baba anafanya kazi Dar. Kila mwaka alifika tarehe ishirini na mbili na pikapu ya kazini, ina mikate laini, mafuta ya kupikia, na kanda za muziki alizotuzuia kuzigusa. Tarehe ishirini na mbili ikapita. Ishirini na tatu asubuhi nikaketi juu ya ukuta wa mawe nikihesabu magari yanayopanda. Kila moja lilikata kona kwa wengine. Bibi alipita na mundu akienda kukata majani ya ng'ombe. Hakuniuliza nafanya nini pale, na mimi nilishukuru.

Ndipo nikakumbuka daftari.

Sikutaka mengi. Nilitaka tu nisiandikwe. Niliona kabisa: nikiandikwa, baba amekwisha kuamua. Nisipoandikwa, bado yuko njiani, pengine gari limeharibika Korogwe, pengine anakunywa chai Same.

Nikachukua toroli la bibi. Toroli lina gurudumu moja, kwa hiyo nililisukuma kutoka barabarani hadi mlangoni mara mbili, sambamba, na ndani nimeweka mawe ili lizame. Nikatupa uani karatasi za biskuti za mwaka jana nilizozitunza kwenye kitabu cha jiografia. Kisha nikafungua sanduku, nikatoa suruali ya babu, marehemu, nikailowesha na kuianika mbele kabisa. Suruali ni suruali, nilijiambia. Nani atauliza mwenyewe?

Mama mwenyekiti akafika mchana, daftari kwapani, jasho usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bibi yuko wapi?"

"Majanini. Baba ndiye aliyekuwepo, ila kaenda kusalimia ng'ambo ya mto."

"Ee? Kafika lini?"

"Alfajiri. Mlikuwa mmelala."

Akaangalia alama ardhini. Akazifuata kwa macho kutoka barabarani, zikapita katikati ya miche miwili ya kahawa ambapo hata ng'ombe hupita kwa kujibana.

"Gari jembamba hilo," akasema.

"Matoleo mapya, mama. Siku hizi wanayabana."

Akaangalia kamba. Aliitazama ile suruali muda mrefu, muda ambao mtu hawezi kuitazama suruali ya mtu aliye hai. Nikadhani anaisifu.

"Haya, mwanangu," akasema taratibu. "Mwambie baba yako tutaonana kanisani."

Akaondoka bila kufungua daftari. Nilicheza dansi peke yangu hadi kuku wakakimbia. Jioni ilipofika na hakuna pikapu, furaha ikawa imechakaa. Unamshinda mama mwenyekiti mzima, halafu huna wa kumsimulia.

Krismasi kanisa lilifurika. Wageni kutoka mjini walisimama nje na watoto wao wenye miwani ya jua. Baada ya misa tukakusanyika uwanjani, mama mwenyekiti akanikabidhi daftari na kipaza sauti. Aliniangalia kama mtu anayetaka kusema jambo, lakini padre alikuwa anaharakisha, ana misa nyingine juu zaidi. Nikaanza.

"Kwa fundi baiskeli, watoto wawili! Njooni upesi, mmezoea kukata breki!"

Watu wakacheka. Mwili ukapata joto. Kwa mjane wa kisimani. Kwa mzee wa mashine ya kusaga. Nikafungua ukurasa wa pili, mdomo ukiwa mbele ya macho kama kawaida yangu.

"Kwa bibi wa darajani, mtoto mmoja..."

Bibi wa darajani ni bibi yangu. Mtoto mmoja ni mimi. Nimekwisha kulisema, na kipaza sauti kimelipeleka hadi kwenye migomba ya ng'ambo.

Nikangoja mtu anitanie. Kwa kweli niliomba. Wenzangu wa kwaya walikuwa pale, walionichokoza kila siku kuhusu miguu yangu na alama zangu za hisabati. Yule msichana wa darasani alikuwa pale, mstari wa pili. Angesema lolote lingenisaidia. Wote waliangalia chini. Mtoto mmoja wa mjini akauliza kwa sauti, "Mbona hasomi?" akanyamazishwa.

Nikachukua kifurushi mezani mwenyewe, nikakiweka kwapani, nikasoma nyumba tisa zilizobaki bila kionjo hata kimoja. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyelalamika kwamba sichekeshi.

Njia ya kurudi ilijaa watu, lakini waliniachia nafasi ya kupita kana kwamba nimebeba yai. Bibi alikuwa amewahi nyumbani, anakoroga mtori, ile supu ya ndizi na nyama ambayo mimi na baba huishindania. Nikatupa kifurushi juu ya kigoda.

"Yule mama ana hila," nikasema. "Nilimwambia baba yupo. Hakuandika kitu, nilimwona."

"Hakuandika kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumwandikisha," bibi akasema. "Nilikwenda kwake mwenyewe, wiki ya kwanza ya Majilio."

Nikageuka kuangalia uani.

"Na suruali ya babu yako toa kwenye kamba. Aliivaa Jumapili zote miaka kumi na tano, na kiraka cha goti alikishona mama mwenyekiti. Jana, ukiwa kwaya, alikuja hapa analia, anadhani umerukwa na akili."

"Bibi, ulijua lini?"

Akaendelea kukoroga. "Kijana wa jirani aliniletea maneno Novemba. Baba yako ana nyumba nyingine kule. Wamepata mtoto, bado mchanga. Anasema mwaka huu watakula sikukuu huko huko."

"Na hukuniambia."

"Kila nikikusogelea ulikuwa unachekesha."

Akanipakulia, bakuli limejaa hadi ukingoni, nyama zote juu. Hakuna aliyeninyang'anya. Nikafungua kifurushi ili mikono ipate kazi. Sweta la shule, rangi ya shule yetu, jipya kabisa, mikono imenitosha. Sikuwa na utani juu yake. Niliutafuta, nakiri, nikaligeuza sweta ndani na nje.

"Huyo mtoto," nikauliza, "ni wa kike au wa kiume?"

"Sikuuliza."

Tukala. Ng'ambo ya ua, watoto wa jirani waliotoka Dar walikuwa wanalia wanataka kurudi kwao, ati huku kuna baridi.